Sisi wote wazima, mtoto ana selimundu: imetoka kwa nani?

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 34, nimeoa, na tuna mtoto mmoja wa kike ambaye sasa ana mwaka mmoja na nusu. Alizaliwa na afya njema, na miezi ya mwanzo hatukuwa na la kulalamika. Alipokaribia miezi saba, vidole vya mikono na nyayo vilivimba, ukimgusa tu analia. Ikaja homa, macho yakageuka manjano, ikawa kila mara tuko hospitali. Mwishowe alipimwa damu, tukaambiwa ana selimundu. Kwenye kadi wameandika SS, na chini yake kundi la damu O chanya.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mimi sijawahi kuugua ugonjwa huo, mke wangu hali kadhalika, na kwa pande zote mbili hakuna anayemkumbuka mgonjwa hata mmoja. Mama yangu anasema umetoka kwa wakwe zangu, kwa sababu upande wetu "damu ni safi". Kaka zangu wamekwenda mbali zaidi. Mimi ni kundi B na mke wangu ni kundi A (tulipimwa wote alipokuwa mjamzito). Wao wanasema A na B hawawezi kuzaa O, tena mtoto hufuata damu ya baba, kwa hiyo mtoto si wangu. Mmoja wao alisoma sayansi sekondari, na anavyoongea kwa uhakika hata mimi nimeanza kusita.

Mke wangu ameyasikia yote. Amenyamaza.

Daktari alituambia harakaharaka kwamba uwezekano ni mmoja kwa nne. Nilivyoelewa mimi, katika watoto wanne mmoja anaumwa, na sisi huyo mmoja tumeshampata. Je, watatu watakaofuata watakuwa wazima? Mke wangu anatamani mtoto mwingine, mimi naogopa. Na je, nikapime DNA ili kaka zangu wafunge midomo? Nimesikia pia kuna tiba mpya inayorekebisha jeni.

Nieleze kinagaubaga, Mwalimu, hata ikibidi kunirudisha darasani.

Baba mwenye mashaka

—

Marahaba mwanangu. Darasani nitakurudisha, lakini kwanza tumalizane na kaka zako, maana naona hilo ndilo linalokunyima usingizi. Baba wa kundi B na mama wa kundi A wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa kundi O. Hutokea kila siku. Huyo kaka yako wa sayansi aliondoka darasani somo likiwa nusu.

Nusu iliyobaki ni hii. Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, zilizopangika jozi 23, na katika kila jozi moja ilitoka kwa baba yako na nyingine kwa mama yako. Kwa hiyo karibu kila jeni unayo nakala mbili. Mwili unapotengeneza mbegu ya kiume, jozi hizo hutengana, na kila mbegu hubeba nakala moja tu. Yai la mama nalo hivyo hivyo. Vikikutana, mtoto anakuwa na mbili tena, nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Hakuna damu ya baba inayoishinda nguvu ya mama, kwa hiyo hilo la kufuata damu ya baba waambie walifute kabisa.

Kundi la damu la A, B na O huamuliwa na jeni iliyo kwenye kromosomu namba 9. Kazi ya jeni hiyo ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari juu ya chembe nyekundu za damu. Nakala ya A hubandika sukari ya aina moja, nakala ya B hubandika ya aina nyingine. Nakala ya O mara nyingi inafanana mno na ile ya A, ila imepotewa na herufi moja ya DNA. Herufi hiyo ikishadondoka, kila kinachofuata husomwa kombo, na kimeng'enya kinachotoka hakiwezi kazi, kwa hiyo hakibandiki kitu.

Sasa mtu mwenye nakala moja ya A na moja ya O, maabara itamwandikia nini? Itaandika A, kwa kuwa sukari ya A inaonekana, na O haina cha kuonyesha. Kadi yako inasema B, lakini B ya kadi inaweza kuwa BB au BO, na A ya mkeo inaweza kuwa AA au AO. Wewe ukiwa BO na yeye AO, jambo la kawaida sana, chukua karatasi uchore mraba wenye vyumba vinne. Juu andika B na O, ubavuni A na O, kisha jaza. Utapata AB, A, B na O. Kundi la kila aina, baba yule yule na mama yule yule.

Hili la kitu kukaa ndani bila kuonekana ndilo pia jibu la selimundu, kwa hiyo tulikalie kidogo. Mtawa Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri mjini Brno, alichanganya njegere za punje laini na njegere za punje zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza kilitoka chote laini, ungedhani ule mkunjo umekufa. Alipoziacha hizo laini zizae zenyewe, mkunjo ukarudi: punje 5,474 laini, 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1866 na kwa miaka zaidi ya 30 karibu hakuna aliyeyatilia maanani. Kumbe ndani yake mlikuwa na jibu la swali unaloniuliza leo, la wazazi wawili wazima na mtoto mgonjwa.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Ndani ya chembe nyekundu kuna protini iitwayo hemoglobini, inayobeba oksijeni. Imeundwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Maelekezo ya mnyororo wa beta yamo katika jeni iliyoko kwenye kromosomu namba 11, yameandikwa kwa herufi nne za DNA ambazo ni A, T, G na C (A hii si ile ya kundi la damu, wanasayansi wana ubahili wa herufi). Seli huzisoma herufi hizo tatu tatu, na kila tatu hutaja asidi amino moja ya kuunganishwa kwenye mnyororo. Mahali pa asidi amino ya sita, jeni ya kawaida imeandikwa GAG, yaani weka asidi ya glutamiki. Jeni ya selimundu imeandikwa GTG, yaani weka valini. Herufi moja, katika DNA yenye herufi kama bilioni tatu.

Na madhara yake hayalingani kabisa na udogo wa kosa. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na hupenda maji. Valini huyakimbia maji. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini ya moja hujipachika kwenye kishimo cha jirani yake, na ya jirani kwa mwingine, mpaka zinajifunga kuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe. Chembe iliyokuwa mviringo na laini inajikunja kama mundu. Hupita kwa shida kwenye mishipa myembamba, huziba, na mahali palipozibwa panauma. Vile vidole vya mwanao vilivyovimba vilikuwa hivyo: damu ilikwama kwenye mifupa midogo ya mikono na miguu, na kwa watoto wengi hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Macho ya njano nayo yana maelezo. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu huishi siku 10 hadi 20, na mabaki ya chembe zinazovunjika kwa kasi hiyo ndiyo yanayoleta rangi ile.

Utaniuliza mbona alizaliwa mzima. Mtoto tumboni kwa sehemu kubwa hatumii mnyororo wa beta bali gama, na hemoglobini yake ya kichanga, inayoandikwa F, haijikunji. Baada ya kuzaliwa F hupungua mwezi hadi mwezi na hemoglobini ya kudumu huchukua nafasi. Ndiyo maana shida nyingi huanza kuonekana kuanzia karibu nusu mwaka. Alikuwa na selimundu tangu siku mimba ilipotungwa, hakuambukizwa na mtu wala hakupewa kitu kibaya na mama yake, kama kuna anayelinong'ona na hilo.

Mwanao ni SS, nakala zote mbili zina kosa. Mtu mwenye nakala moja ya kawaida, inayoandikwa A (hii nayo si ya kundi la damu), na S moja, yaani AS, hutengeneza hemoglobini za aina zote mbili, na ile ya kawaida huwa nyingi kidogo kuliko ya S. Hiyo inatosha kuzuia nyuzi zisijifunge katika maisha ya kawaida. Mtu wa AS huishi, huzaa na kuzeeka bila kujua. Basi mtoto wa SS alipata S moja kwa kila mzazi. Mama yako akisema ugonjwa umetoka kwa wakwe zako, hesabu inamkatalia: haiwezekani S mbili zitoke upande mmoja tu. Na kama wewe ni AS, hiyo S nawe ulipewa na mmojawapo wa wazazi wako, huenda ni yeye mwenyewe mama. Mweleze taratibu.

Neno "damu safi" nalo lina kichekesho ndani yake. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alionyesha kwamba watu wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Katika maeneo ya malaria, watoto wa AS walinusurika kuliko wenzao, wakakua, wakairithisha. S imeenea kwa sababu iliokoa maisha ya watu wengi kabla ya kuwaumiza wachache.

Tazama pia mahali kaka zako walipojikwaa. Wanasema mtoto si wako, na ushahidi wao ni kundi O. Lakini ugonjwa wenyewe unadai baba mwenye S. Ukipimwa ukakutwa AS, ugonjwa huo huo wanaoutumia kumsuta mkeo unakuwa upande wenu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kwenda kupima hemoglobini, wewe na mkeo, siku moja. Mwombe daktari kipimo cha elektroforesisi ya hemoglobini au kingine kinachotenganisha aina zake, kwa sababu kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama S ipo au haipo hakitofautishi AS na SS. Katika elektroforesisi tone la damu huwekwa kwenye ukanda na kupitishiwa umeme. Kwa njia iliyozoeleka, hemoglobini A hukimbia mbele na S hubaki nyuma, kwa ile ile sababu ya chaji iliyopotea pale kwenye asidi amino ya sita. Mtu wa AA huonyesha mstari mzito mbele. Wa AS huonyesha mistari miwili. Mwanao ataonyesha mstari wa S, na wa F kati ya S na pale A inapofikaga. Omba mtaalamu akuonyeshe, wengi hufurahi mtu akiuliza. Tahadhari moja: mtu aliyeongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita anabeba chembe za aliyemtolea, na jibu lake linaweza kupotosha.

Na ukikutwa huna S? Usirudi nyumbani na hasira. Rudia kipimo, sampuli za watu huweza kubadilishana kimakosa. Kisha uliza kiwango cha hemoglobini A2, aina nyingine ndogo ya hemoglobini, kwa sababu kuna jeni ya beta-thalasemia (kosa jingine katika jeni ile ile ya beta) ambayo haionyeshi mstari wa S, lakini ikikutana na S ya mama huzaa ugonjwa unaofanana sana na SS, hata kadi ikaandikwa SS. Haya ni ya daktari wa damu kuyafumbua, ukumbi wa kaka zako hauna uwezo huo.

Kuhusu kipimo cha DNA cha ubaba, kipo na ni sahihi sana. Hulinganisha sehemu kama 20 hivi za DNA ambazo urefu wake hutofautiana mtu na mtu, na katika kila sehemu mtoto lazima awe na moja inayolingana na ya baba yake. Lakini sioni katika barua yako sababu yoyote ya kukifanya. Hoja ya kundi la damu imekwisha, ya ugonjwa imekwisha, kilichobaki ni maneno ya watu. Ukienda kupima ili kaka zako wanyamaze, utakuwa umemwambia mkeo kwamba wao ndio wanaoamua ndani ya nyumba yako. Umeniandikia mengi juu ya ndugu zako, na juu yake umesema tu kwamba amenyamaza. Ningekuwa yeye nami ningenyamaza, nikingoja kuona utasimama wapi. Zungumza naye leo, kabla ya jibu lolote la maabara, ili asione kwamba imani yako imetoka kwenye karatasi.

Sasa ule mmoja kwa nne. Wengi huuelewa kama ulivyouelewa wewe, na ni kosa linaloumiza familia. Wazazi wawili wa AS wakipata mimba, uwezekano ni robo kuwa AA, nusu kuwa AS, robo kuwa SS. Mimba inayofuata inaanza upya na robo ile ile. Haijui iliyotangulia ilikuwaje, na hakuna fungu la ugonjwa linalomalizika. Umeuliza kama watatu watakaofuata watakuwa wazima: uwezekano wa wote watatu kuukwepa ugonjwa ni robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu, yaani 27 kwa 64, kama asilimia 42. Chini ya nusu. Kwa mmoja tu ni asilimia 75.

Sitakwambia mzae au msizae. Lakini mjue kuna njia. Mimba ikiwa na wiki 10 hadi 13 sehemu ndogo ya kondo inaweza kuchukuliwa ikapimwa jeni, au maji ya uzazi kuanzia wiki 15. Vipimo hivi hubeba hatari ndogo ya mimba kutoka, na kabla ya kuvifanya inabidi mjue mtafanya nini na jibu, vinginevyo vitawaachia mzigo tu. Kuna pia kutungisha mimba maabara na kupima kiinitete kabla ya kupandikizwa, njia ndefu na ya gharama. Na kuna wanaosubiri mtoto azaliwe na kumpima siku za kwanza, ili akiwa SS matunzo yaanze mapema. Hiyo ya mwisho peke yake hupunguza vifo vingi.

Ndugu zako nao hawajatoka hapa. Ukiwa AS, kila kaka yako wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa nusu au zaidi kuwa na S. Wale walio na mpango wa kuoa wakapime kabla ya kuja tena kusimulia habari za damu.

Tiba uliyoisikia ipo kweli. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo, matibabu yanayotumia kifaa cha kukata DNA kiitwacho CRISPR. Hayaifuti herufi ya S. Yanazima breki inayofunga hemoglobini F, ili F irudi kwa wingi na kuzuia chembe zisijikunje. Seli mama, yaani zile zinazozaa chembe za damu, hutolewa kwenye mwili wa mgonjwa, hurekebishwa maabara, uboho wake husafishwa kwa dawa kali, kisha seli hurudishwa. Iliruhusiwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea, kwa hiyo si ya mwanao kwa sasa, na hata aliyetibiwa hivyo bado atairithisha S kwa watoto wake, kwa kuwa mayai na mbegu havikuguswa.

Cha kufanya sasa kiko karibu zaidi. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kumeza ambayo nayo huongeza F na inaweza kuanza hata kabla ya mwaka mmoja. Penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, na chanjo zote, hasa za nimonia, kwa sababu bandama la watoto hawa huharibika mapema na hawana nguvu dhidi ya bakteria. Maji ya kutosha, asipate baridi kali. Homa ikifika nyuzi 38, usingoje asubuhi. Na mwombe nesi awafundishe wote wawili, wewe na mkeo, kulipapasa bandama: mtoto amelala chali, vidole vyako chini ya mbavu za kushoto, taratibu wakati anavuta pumzi. Likikua ghafla na mtoto akapauka, damu imejikusanya humo na ni dharura ya saa ile ile.

Majibu yenu yakitoka, niandikie asilimia zilizo mbele ya A, S, F na A2 za kila mmoja wenu. Kaka zako wakitaka, waambatanishe na za kwao.